Nguvu ya Kuazima

Kijiweni mwenye sauti kubwa ndiye mshindi. Kwa sababu hiyo nimeona hoja hii niiandike, ili anayetaka kunipinga anisome kwanza mpaka mwisho, kisha anipigie kelele akipenda. Swali lenyewe ni hili: kijana wa Songea aliyenunua gari la mbio, tuseme Toyota Altezza, gari analoendea kazini kila asubuhi na kumpelekea mama yake sokoni kila Jumamosi, je, atakuwa amefanya vema akilifunga turbo ambayo kiwanda hakikuifunga? Nasema hapana. Nasema hapana bila kumung'unya maneno, nami najua kwamba kwa kusema hivyo nimewaudhi nusu ya vijana wa Mfaranyaki pamoja na mafundi wao wote.

Sina chuki na gari lenye mbio. Altezza ni gari zuri, na anayekataa hajaliendesha. Toyota walilitengeneza kuanzia mwaka 1998 hadi 2005, nguvu ikienda magurudumu ya nyuma kama magari ya wazee wetu, na mita zake zimepangwa ndani ya duara moja kama uso wa saa ya mkononi. Lipo lenye injini ya silinda 6, farasi wapatao 160, na lipo la silinda 4 ambalo kule Japani liliuzwa likiwa na farasi 210, zote zikiwa za ujazo wa lita 2. Farasi 210 kutoka lita 2 bila turbo ni kazi ya wahandisi waliokesha. Basi kabla hatujaanza kuwasahihisha wahandisi hao chini ya mwembe, tuulize kwanza walifanya nini, na kwa nini.

Turbo yenyewe si uchawi. Ni mapangaboi mawili yaliyounganishwa kwa mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini hulizungusha la kwanza, na la pili, kwa kuwa limeshikana na lenzake, hunyonya hewa ya nje na kuisukuma kwa nguvu ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, petroli nayo inaweza kuwa nyingi, na mlipuko ukawa mkubwa. Mhandisi Alfred Büchi wa Uswisi aliandikisha wazo hilo mwaka 1905, kwa hiyo si jambo la juzi. Iko na ndugu yake, supachaja, ambayo haitegemei moshi bali huzungushwa na mkanda kutoka kwenye injini yenyewe. Tofauti zao ni nyingi, lakini kwa mambo mengi nitakayosema hapa ndugu hawa wawili ni wamoja: wote huisukumia injini hewa ambayo yenyewe isingeivuta.

Nianze na hoja ya wapinzani iliyo kali kuliko zote, maana si uungwana kupigana na dhaifu na kumwacha shujaa. Wanasema: Songea iko juu. Ni kweli. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kiasi cha sehemu 12 hivi katika kila 100. Injini isiyo na turbo hupumua hewa iliyopo, haina nyingine. Farasi 160 walioondoka Japani wakifika Songea huwa kama 140, na wakipanda kuelekea Njombe hupungua tena. Turbo ndiyo dawa ya ugonjwa huo, na historia inashuhudia. Mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss wa Marekani aliipandisha injini ya ndege juu ya mlima Pikes Peak, zaidi ya mita 4,300, akaifunga turbo, nayo ikatoa nguvu ileile iliyokuwa nayo huku chini. Hapo ndipo dunia ilipoamini.

Hoja hiyo ni ya haki, na laiti vijana wetu wangeifuata. Kurudisha farasi 20 waliopotelea angani kunahitaji msukumo mdogo mno wa hewa, kitu kama sehemu moja ya nane ya uzito wa hewa ya pwani. Lakini tangu lini umemsikia kijana anayefunga turbo ili apate gari lilelile alilouziwa? Anataka nusu zaidi, au mara mbili. Anaanza na hoja ya mlima wa Matogoro, kisha anamalizia na msukumo wa uwanja wa mashindano. Mlima umekuwa kisingizio, kama yule anayekwenda kilabuni kwa sababu ya kiu.

Sasa tuingie ndani ya injini, kwa maana huko ndiko ubishi wote unakoamuliwa. Kila injini ya petroli huigandamiza hewa na mafuta kabla ya kuviwasha. Uwiano wa mgandamizo huo huchaguliwa kiwandani kwa makini sana. Injini ile ya farasi 210 ya Altezza imepewa uwiano unaozidi 11 kwa 1, kwa sababu haina turbo, na njia yake ya kupata nguvu ni kuminya kwa bidii kile kidogo inachovuta. Toyota hao hao walipotengeneza injini ya jamii hiyohiyo wakaiwekea turbo, ile iliyoendesha Celica GT-Four, walishusha uwiano hadi kati ya 8 na 9 kwa 1. Hawakufanya hivyo kwa ubahili. Walijua kwamba turbo itakuja na mgandamizo wake, na kwamba ukijumlisha mgandamizo juu ya mgandamizo, mafuta hayatangoja cheche ya plagi. Yatajilipukia yenyewe, kabla ya wakati, pistoni ikiwa bado inapanda. Huko ndiko kugonga kwa injini. Kutoka nje unasikia kama mtu anayetikisa kokoto kwenye kopo. Ndani, pistoni inapigwa nyundo maelfu ya mara kwa dakika.

Dawa ya kugonga ni petroli inayostahimili mgandamizo. Injini ile ilipouzwa Japani, kiwanda kiliitaka inywe petroli ya daraja la juu hata kabla ya mtu yeyote kuota turbo. Hapa kwetu unafika kituoni, unasema "weka ya elfu ishirini", na pampu haikuulizi daraja. Halafu kuna mafuta yaliyopitia kwenye chupa za kando ya njia, ambayo tusiyazungumze. Injini iliyokuwa tayari imesimama ukingoni, wewe unakuja na kuisukuma mgongoni.

Msomaji anaweza kuniambia kwamba mafundi wana mbinu. Wanazo. Gasketi nene ya kushusha uwiano, noseli kubwa, pampu kubwa ya petroli, intakula ya kupoza hewa, kontroo boksi iliyoandikwa upya ili cheche ichelewe. Yote hayo yapo na yanafanya kazi, yakifanywa yote, na yakifanywa na mtu mwenye vifaa vya kupima. Tatizo ni kwamba mteja wetu hununua turbo ya mtumba, akabaki na fedha ya nusu ya orodha. Kinachoachwa siku zote ni kile kisichoonekana. Turbo inaonekana ukifungua boneti. Sauti yake ya "pshhh" inasikika mpaka Lizaboni. Lakini hesabu ya mafuta na hewa ndani ya kontroo boksi haina mlio, kwa hiyo huachwa mwezi ujao, na mwezi ujao haufiki.

Mwaka 1962 kampuni ya General Motors ya Marekani ilitoa gari liitwalo Oldsmobile Jetfire, mojawapo ya magari mawili ya kwanza ya watu wa kawaida kuuzwa yakiwa na turbo. Wahandisi wake walifanya jambo ambalo vijana wetu wanalifanya leo: waliweka turbo juu ya injini yenye uwiano mkubwa, zaidi ya 10 kwa 1. Walijua hatari ya kugonga, wakaweka tangi dogo la maji yaliyochanganywa na kileo, ambayo yalipulizwa ndani ya injini kuipoza pindi turbo inapofanya kazi. Ilikuwa hila ya kiakili sana. Mwenye gari alitakiwa kufanya kitu kimoja tu: kujaza tangi hilo. Hakujaza. Tangi likikauka, mtambo ulijizuia kwa usalama, gari likawa zito, mwenyewe akarudi kulalamika. Magari hayo hayakufika 10,000. Baada ya miaka 2 yakasimamishwa, na mengi yakarudishwa kwa wauzaji yakavuliwa turbo. Angalia basi: kampuni tajiri kuliko zote duniani za wakati ule, yenye maabara na barabara zake za majaribio, ilishindwa na mwenye gari asiyejaza tangi. Gereji ya kando ya barabara itamshinda kwa kitu gani?

Maana turbo ni mnyama wa kulishwa kwa wakati. Mhimili wake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nao hauegemei chuma. Unaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Upande mmoja kuna moshi wenye joto la nyuzi 800 au 900, na upande wa pili kuna hewa ya kawaida, na urefu wa kati ni kama kiganja cha mkono. Oili ikichakaa, utando unakatika. Ukipandisha mlima kwa kasi kisha ukazima gari papo hapo ili ukanunue mahindi ya kuchoma, oili iliyobaki ndani huungua na kuwa mkaa. Kitambo cha kuacha injini iungurume kabla ya kuzima, jambo ambalo dereva wa basi hulifanya bila kufikiri, hutamsikia kijana wa Altezza akilifanya mbele ya rafiki zake. Kuna na vumbi letu jekundu. Filta ile ya wazi yenye umbo la pia, inayofungwa kwa sababu inafanya turbo isikike, humeza kiangazi chote cha Ruvuma, na kila punje ya mchanga hulikwangua pangaboi linalozunguka kwa kasi hiyo.

Hapo wapinzani huniuliza: mbona malori na mabasi yote yana turbo na yanafika? Nafurahi wakiuliza. Injini ya lori ni ya dizeli, imeundwa tangu karatasi ya kwanza kwa ajili ya turbo: pistoni zake, vichwa vyake, pampu yake ya oili, rejeta yake. Dizeli haichanganyi mafuta mapema, kwa hiyo haiogopi kugonga kwa namna ya petroli. Tena lori lina mwenye mali anayehesabu kilomita za kubadilisha oili kama anavyohesabu fedha. Ukiniambia lori lina turbo, umeniambia kwamba turbo ni kitu chema mikononi mwa aliyeizaa. Silikatai hilo. Ninakataa ya kuazima, kwa kuwa wahenga walikwisha sema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako.

Nitoe mfano wa karibu. Jirani yangu mmoja alikuwa na Altezza ya silinda 6, ya rangi ya fedha, iliyotunzwa vizuri. Mtaani kwetu magari ni machache, na lile lilikuwa gari la mtaa mzima, ingawa kadi ilikuwa na jina lake. Mzee akizidiwa usiku, linagongwa geti lake. Maiti ikitoka hospitali ya Peramiho, yeye huwa mbele na wafiwa. Petroli tulichanga, na tusipochanga hakuuliza. Siku moja akalipeleka mkoa mwingine kwenye gereji aliyosifiwa, likarudi na turbo. Kwa wiki saba mtaa ulisikia ngoma. Wahenga walisema ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Ilipasukia kwenye miinuko ya Lukumburu, katika safari ya Njombe: pistoni moja ilivunjika kingo, oili ikaanza kutoka na moshi, gari likavutwa kwa kamba mpaka Songea. Waliolifungua walikuta kontroo boksi ni ileile ya kiwandani, haikuguswa. Gari lilikaa uani miezi minne likisubiri injini ya mtumba na fedha ya kuinunulia.

Katika miezi hiyo minne, usiku mmoja wa masika, binti wa nyumba ya tatu alishikwa na uchungu. Watu walikwenda kugonga geti kwa mazoea, wakakumbuka. Bajaji ilipatikana baada ya saa nzima na zaidi, na binti akapandishwa mvua ikimpiga ubavuni. Alijifungua salama, namshukuru Mungu, na mtoto anatembea sasa. Lakini nilipokuwa nimesimama barabarani na tochi nikitafuta taa ya bajaji, nililielewa neno "mchuma janga hula na wa kwao" kuliko nilivyofundishwa darasani. Katika nchi zenye magari mawili kila nyumba, mtu akiharibu gari lake ameharibu starehe yake. Hapa kwetu anaharibu gari la wagonjwa, gari la harusi na gari la msiba kwa mara moja.

Ndiyo maana jibu la "fedha ni yangu" halinitoshi. Fedha ni yako, kweli. Nami sitaki sheria ya kukuzuia. Lakini mtu anayetegemewa hana uhuru sawa na asiyetegemewa. Kama ungetaka kuwa huru kabisa, usingekubali kushukuriwa pale ulipowabeba watu.

Inabaki hoja ya kupita malori, nayo inastahili hesabu, kwa sababu ni ya uhai na kifo. Barabara ya Makambako hadi Songea ilijengwa kwa lami miaka ya 1980, ina njia moja kwenda na moja kurudi, na sehemu za Lukumburu zimejaa kona na miinuko. Tangu makaa ya mawe ya Ngaka yaanze kuchimbwa, malori mazito yameongezeka katika barabara za mkoa wetu. Tuseme lori la mita 18 linapanda kwa kilomita 30 kwa saa. Gari lako likilipita kwa kilomita 60, utahitaji kama sekunde 6 kutoka nyuma yake mpaka kurudi mbele yake, nawe utakuwa umetumia mita 100 za barabara. Anayekuja mbele yako kwa 60 naye amekula mita 100. Jumla unahitaji kuona mita 200 wazi. Ukiwa na turbo, ukapita kwa 80, sekunde zinashuka kuwa 3 na nusu hivi, na mita unazohitaji kuona ni kama 140. Sikatai: mita 60 ni kitu.

Sasa nitajie kona ya Lukumburu ambapo kasoro yako ilikuwa nguvu, si macho. Kwenye kona unaona mita 50 au 70. Mwenye turbo hana 140 zake pale, kama asiye na turbo asivyo na 200 zake. Tofauti ni kwamba asiye na turbo anajua hana, naye hungoja. Mwenye turbo anahisi anazo. Tena turbo ya kuazima, hasa kubwa, haiitiki mara moja. Unakanyaga, unasubiri, kisha nguvu inakuja yote kwa pamoja, pengine wakati tayari umekwisha ingia upande wa wenzako. Na breki? Umbali wa kusimama haukui kwa kipimo cha mwendo, hukua kwa mwendo kujizidisha wenyewe. Gari linalosimama kwa mita 20 kutoka kilomita 60, litahitaji zaidi ya mita 35 kutoka 80, na hapo nimehesabu matairi mazuri. Vijana wangapi waliofunga turbo walifunga na breki kubwa? Breki nazo hazina mlio wa "pshhh".

Wapo wanaonikumbusha mashindano ya Safari, kwamba magari yaliyoshinda yalikuwa na turbo. Mengine, ndiyo, lakini baadaye sana. Safari ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na hadi mwaka 1983 hakuna gari la turbo lililoibuka mshindi. Joginder Singh alishinda mara 3 bila turbo, ya mwisho mwaka 1976. Shekhar Mehta alishinda mara 5, na 4 kati ya hizo zilifuatana, 1979 hadi 1982, kwa Datsun isiyo na turbo, dhidi ya magari ya nguvu kuliko lake. Turbo ilishinda kwa mara ya kwanza mwaka 1984, kwa Celica ya Björn Waldegård, gari lililobebwa na timu nzima ya kiwanda, mafundi na spea vikilisubiri njiani, na helikopta angani. Nani atakufuata na helikopta ukienda Mbinga? Kwa miaka 30 barabara za Afrika Mashariki zilisema neno moja: mshindi ni anayefika.

Nimeulizwa pia, kwa upole zaidi, na kijana fundi: "Mzee, sasa tusijifunze?" Swali hilo liliniuma, kwa sababu sitaki kuwa mtu wa kuzima taa. Mjifunze. Nunueni injini iliyokwisha kufa, au gari ambalo halina mtu wa kumpeleka kazini, mfunge turbo, lipasuke, mfunge tena. Fundi hujifunza kwa kuvunja. Ila avunje kilicho chake, na asimfanye mteja mwenye gari moja kuwa shule yake bila kumwambia kwamba ni shule. Na anayefanikiwa siku moja kupima, kuandika kontroo boksi na kusimamia kazi yake kwa maandishi, nitakuwa wa kwanza kumsifu.

Kwa mwenye gari la kila siku nina ushauri wa namna nyingine, nao hauna sifa ya kijiweni. Nguvu nyingi unazotaka kununua ulikuwa nazo. Gari lako lina umri wa miaka 20 au zaidi. Plagi zake zimechoka, noseli zimeziba, filta ni kongwe, na huenda silinda moja imepungua mgandamizo. Farasi 30 waliotoroka polepole hawahitaji turbo. Wanahitaji fundi mwenye subira. Pimisha mgandamizo wa kila silinda. Badilisha mkanda wa taimingi kabla haujakatika. Angalia mfuniko wa rejeta, kwa sababu kwenye mwinuko wetu maji ya wazi huchemka karibu nyuzi 96, na mfuniko uliolegea huchemsha injini mapema kuliko pwani. Kisha nunua matairi mapya, si ya mtumba, na shokapu, na pedi za breki zilizo halisi. Ukimaliza orodha hiyo utashangaa gari limekuwa jepesi, kona zimenyooka, na bado umebaki na fedha ya petroli, ambayo bei yake Songea kwa kawaida huzidi ya Dar es Salaam kwa ajili ya gharama ya kuifikisha huku.

Na kama baada ya yote moyo wako bado unataka turbo, basi nunua gari lililozaliwa nayo. Wapo Subaru, wapo ndugu wa Mark II wenye injini ya 1JZ ya turbo, yenye uwiano uliopunguzwa, oili yenye njia zake na kontroo boksi inayojua inachokifanya. Uza hilo ulilonalo likiwa zima, kwa bei ya gari zima. Hakuna anayenunua kwa bei nzuri gari lililofungwa turbo na mtu asiyemjua; mnunuzi akiliona huuliza swali moja tu, nalo ni limepasuka mara ngapi. Ukiligeuza, na bima yako kubwa huenda ikawa karatasi tupu siku ya kudai, usipokuwa umewaeleza mabadiliko uliyoyafanya.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka kilomita 50 kwa saa mjini, na kutoka Bombambili hadi sokoni, kwa matuta na bodaboda, hata hizo huzipati. Huko ndiko Altezza yako inakoishi siku 6 kati ya 7. Kwa maisha hayo farasi 140 wanatosha na kubaki. Wape oili safi, wape maji, na usiku geti likigongwa, waamke.